Mgonjwa Kwanza, Mtego Baadaye

Mwaka 2002 mfululizo wa Friday the 13th ulifika filamu yake ya kumi, Jason X, na watengenezaji wake wakampakia Jason kwenye chombo cha anga na kumpeleka mwaka 2455. Muuaji aliyezoeleka kuvizia vijana kambini kando ya ziwa akageuzwa nusu mtu nusu chuma, katikati ya kuta zinazong'aa na mitambo inayozungumza. Miaka 21 baadaye, mfululizo wa Saw ulipofika namba hiyo hiyo, ulishika njia ya kinyume. Haukwenda mbele wala juu. Ulimrudisha John Kramer, muuaji wake mashuhuri, kwenye chumba cha daktari, mzee mwenye saratani ya ubongo, akiambiwa kwamba imebaki miezi tu. Jason X haikumsaidia Jason. Saw X, iliyotoka Septemba 2023, ilipokelewa vizuri na wahakiki kuliko filamu yoyote iliyoitangulia katika mfululizo wake, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Tofauti ya hizo mbili inagusa swali ambalo wapenzi wa filamu za kutisha hulibishania kila mwendelezo mpya unapotangazwa: je, mfululizo uliojengwa juu ya damu unaweza kuwa mpya tena baada ya miaka 20, au kila kinachoongezwa ni marudio tu? Jibu langu ni kwamba unaweza, na Saw X ni ushahidi. Lakini upya wake haukutoka pale wengi wanapodhani, na uligharimu kitu ambacho mfululizo huo unapaswa kukirudisha kama unataka kuendelea kuishi.

Damu kwenye filamu huchakaa, tena upesi. Saw ya kwanza, iliyotoka mwaka 2004, ilipigwa kwa siku 18 kwa bajeti ya dola milioni 1.2 hivi. James Wan aliyeiongoza na Leigh Whannell aliyeiandika walikuwa vijana waliokutana wakisomea filamu mjini Melbourne, Australia, na hawakuwa na fedha za kuonyesha mengi. Sehemu kubwa ya hadithi ni wanaume wawili waliofungwa minyororo miguuni ndani ya bafu chafu, misumeno isiyoweza kukata chuma lakini inayoweza kukata mfupa, na muda unaokwisha. Wanaoikumbuka kwa mbali husema ni filamu ya damu kupindukia. Ukiitazama upya utaona kwamba Dakta Gordon, mmoja wa wawili hao, anapoukata mguu wake, kamera hukaa zaidi usoni pake kuliko kwenye jeraha. Hofu yote imejengwa kabla ya hapo, katika saa zile ambazo mtu mwenye elimu, kazi ya heshima, mke na mtoto anauangalia ule msumeno, anauweka chini, anauangalia tena. Umaskini wa bajeti uliwalazimisha watunzi kutegemea uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu ndio uliowafanya watazamaji wajikunyate vitini.

Filamu zilizofuata zilikuwa na fedha zaidi, nazo zikazimwaga kwenye mitego. Saw II ya mwaka 2005 ilikuwa na shimo lililojaa sindano. Saw III ya mwaka uliofuata ilikuwa na jaji aliyefungwa shingoni ndani ya pipa, huku nguruwe waliooza wakisagwa juu yake na uchafu ukimpanda kifuani. Filamu hiyo iliingiza dola milioni 164 hivi, mapato makubwa kuliko yote katika mfululizo huo, na kwa hiyo somo ambalo soko lilitoa lilikuwa moja: ongeza. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2006 mhakiki wa Marekani David Edelstein aliziita filamu za namna hii ponografia ya mateso, na jina hilo limeziganda hadi leo. Naona hakuzitendea haki zote, ila alishika jambo la kweli. Kuna hatua ambayo mtazamaji akiivuka huacha kumtazama mtu na kuanza kuutazama mtambo. Hajiulizi tena huyu atafanya nini; anajiuliza hii mashine inafanyaje kazi, gurudumu hili linavuta mnyororo gani, kisu kitatokea upande upi. Ni kama pilipili kwenye mchuzi wa samaki: ukizidisha kila siku, ulimi hautalalamika tena, lakini samaki pia hautamwonja. Mtu aliyefika hapo hatishiki, na asiyetishika atachoka, hata kama ataendelea kukata tiketi kwa mazoea.

Kuanzia mwaka 2004 hadi 2010 Saw ilitoka kila Oktoba bila kukosa, filamu saba kwa miaka saba. Kramer mwenyewe aliuawa katika ya tatu, na waliobaki wakalazimika kumwendeleza kwa kumbukumbu, kanda za sauti na warithi. Ya nne na ya tano zilijifunga kwenye mafundo ya nani alikuwa wapi lini, na upelelezi wa Hoffman, afisa wa polisi aliyeurithi unyama wa Kramer, ukawa kazi ya kuunganisha nyuzi badala ya kuwa hadithi. Ya saba, iliyopigwa kwa teknolojia ya 3D na kutangazwa kuwa ya mwisho, ina mwanzo ninaouheshimu: mtego umewekwa nyuma ya kioo cha duka mchana kweupe, na umati umekusanyika nje kutazama, wengine wakirekodi kwa simu. Kwa dakika chache filamu ilimwona mtazamaji wake. Kisha ikaliacha wazo hilo na kurudi kurusha vipande vya miili kuelekea vitini. Jigsaw ya mwaka 2017 na Spiral ya 2021 zilijaribu kubadili sura na waigizaji. Ya kwanza ilikuwa safi mno, ya pili ilimtoa kabisa Kramer, na wala haikupata mtu wa kukijaza kiti chake.

Katikati ya mteremko huo, mwaka 2009, ilitokea Saw VI, na bila kuipitia hiyo hatuwezi kuielewa ya kumi. Iliongozwa na Kevin Greutert, mhariri aliyekuwa ameziunganisha filamu zote tano zilizotangulia na ambaye hapo kabla hakuwa ameongoza filamu yoyote. Mhusika wake mkuu, William Easton, ni bosi wa kampuni ya bima ya afya. Ametunga hesabu inayoonyesha nani ana faida kwa kampuni akiwa hai na nani ni hasara, na chini yake kuna vijana wa ofisini ambao kazi yao ni kupekua fomu za wagonjwa wakitafuta kosa dogo litakalofuta mkataba. Kramer aliwahi kumwendea akiomba agharamiwe tiba ya majaribio kutoka kwa daktari wa Norway, akakataliwa. Mtego mkubwa wa filamu hiyo ni bembea ya kuzunguka iliyofungiwa wale wapekuzi sita, na mbele yao kuna bunduki inayofyatua kila mmoja anapopita na kusimama. Easton anaweza kuwaokoa wawili tu, na kila anapookoa, msumari unapenya kwenye mkono wake.

Tazama jinsi tukio hilo lilivyopangwa. Bembea inazunguka polepole, kiasi cha kila kijana kupata nafasi ya kusema. Wanaomba, wanabishana, wanaumbuana, kila mmoja anajaribu kuthibitisha kwamba uhai wake una thamani kuliko wa jirani. Easton anafanya kwa macho yake kile alichokuwa akikifanya kwa kalamu kwa miaka, na hawezi kugeuza uso. Damu ipo, tena ya kutosha, lakini kila tone lina jina la mtu na sababu ya kumwagika. Filamu ilitoka Marekani ikiwa katikati ya mjadala mkali wa mageuzi ya bima ya afya. Sheria yenyewe ilisainiwa Machi 2010. Mfululizo uliokuwa umejifungia kwenye mafumbo yake wenyewe ukafungua dirisha ghafla na kutazama nchi yake. Na bado iliingiza dola milioni 68 hivi tu, kidogo kuliko zote sita kufikia hapo, ikapigwa kumbo na Paranormal Activity, filamu iliyopigwa kwa dola 15,000 hivi na isiyo na damu ya kuzungumzia. Ya saba, iliyo dhaifu kuliko hiyo kwa kila kigezo ninachokijua, ilipata karibu mara mbili. Kwa hiyo yeyote anayetaka kupima upya wa mfululizo kwa mauzo ya tiketi aanze kwa kuieleza hesabu hii. Watazamaji huiadhibu filamu ya leo kwa uchovu waliopata kwenye filamu ya jana.

Ni Greutert huyo huyo aliyerudishwa kuongoza Saw X, na alirudi na ile ile habari ya Norway. Safari hii daktari ni Cecilia Pederson, anayejitambulisha kuwa binti wa mtaalamu wa Norway, anayeendesha kliniki ya siri Mexico kwa wagonjwa waliokata tamaa. Hadithi imewekwa kati ya filamu ya kwanza na ya pili, Kramer akiwa bado hai. Tunamwona kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, kwenye kikundi cha wagonjwa wenzake, kwenye gari linalomvusha mashambani. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza hakuna mtego unaomnasa yeyote. Upo mmoja tu, nao umewekwa kwa ujanja unaostahili kuelezwa kwa kina.

Kramer yuko hospitali. Kupitia mlango anamwona mhudumu akipekua vitu vya mgonjwa asiyejitambua. Papo hapo tunamwona mhudumu yule amefungwa kitini, mirija miwili mipana imebanwa machoni pake, vidole vyake vimekazwa kwenye chuma, na mbele yake kuna swichi ambayo lazima aizungushe mwenyewe, ivunje kidole kimoja baada ya kingine, la sivyo mirija itamnyonya macho. Anasita, anachelewa, anayapoteza. Kisha tunarudi wodini na kugundua kwamba hakuna kilichotokea. Vyote vilikuwa kichwani mwa Kramer. Mhudumu ananyanyua macho, anakutana na macho ya mzee, anakirudisha alichokichukua. Mzee anaridhika na kuendelea na safari yake. Mpenzi wa mitego amepewa mtego wake, tena wa kikatili; lakini papo hapo filamu imemwambia kwamba jicho la mtu linalotazama linatosha kumzuia mwizi, na kwamba mateso yote yale hayakuwa na haja. Filamu tisa hazikuwahi kulisema hilo kwa uwazi namna hiyo. Mwanzo huo ungeweza kumaliza mabishano yote kuhusu falsafa ya Kramer, kwamba mateso hufundisha, na inashangaza kwamba umetoka kwenye filamu yake ya kumi badala ya ya pili.

Halafu linakuja tumaini. Kramer anafanyiwa kile anachodhani ni upasuaji, anaamka, anaambiwa amepona. Anamtengenezea mtoto jirani baiskeli yake. Anatabasamu, jambo ambalo uso wa Tobin Bell, mwigizaji wake, haukuwa umeruhusiwa kulifanya mara nyingi kwa miaka 19. Kisha anaifungua ile bandeji kichwani na kukuta ngozi nzima, haijachanjwa hata kidogo. Naona ndilo tukio la kutisha kuliko yote katika filamu hiyo, na halina tone la damu. Linatisha kwa sababu damu haipo pale ilipopaswa kuwapo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayeijua familia iliyouza kiwanja kumpeleka mgonjwa India hahitaji kuelezwa uzito wake. Mtu aliyeuza vyote alivyonavyo akidhani ananunua siku za kuishi, akakuta ameuziwa bandeji, ana hasira ambayo hata mtu mwema ataielewa. Baada ya hapo mitego inapoanza, kila mmoja unarudisha kitu kilichoibwa: mmoja anatakiwa kutoa uboho wake, mwingine kipande cha ubongo wake, mwingine anawekwa chini ya mionzi. Miili ya matapeli inadaiwa upasuaji ambao waliuigiza. Mitego hii si migumu kuliko ya zamani wala si ya ajabu kuliko ya zamani. Ina maana kuliko ya zamani, kwa sababu tumeshakaa saa nzima na mwili wa mgonjwa na tunajua kilichochukuliwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Saw X ilifaulu kwa kumrudisha Bell tu, yaani kwa kumbembeleza mtazamaji kwa kumbukumbu zake. Bell alikuwa na umri wa miaka 81 filamu hiyo ilipotoka, akimwigiza mtu aliye majuma machache tu baada ya matukio ya mwaka 2004. Kwa hesabu ya kalenda hilo ni kosa, na wapo waliolalamika. Lakini uzee ule umefanya kazi. Mikunjo, sauti iliyokwaruza, mwendo wa mtu anayepima kila hatua, vyote vimempa Kramer ugonjwa ambao hakuna mpambaji angeweza kuupaka. Kumbukumbu peke yake haifanyi hivyo. Jigsaw ilimleta Bell pia, na hakuna anayeitaja kwa hamu. Mwaka 2025 Final Destination ilirudi baada ya miaka 14 kwa Bloodlines, ikapata mapato makubwa kuliko yote ya mfululizo huo, na tukio lililoongelewa kuliko ajali zake zote ni lile la mwigizaji Tony Todd, amekonda, akiagana na wahusika kwa maneno ambayo waongozaji walimwachia ayachague mwenyewe. Alifariki Novemba 2024, kabla filamu haijatoka. Mifululizo hii inayochezea kifo imegundua, kwa kuchelewa, kwamba muda halisi unaopita juu ya mwili wa mwigizaji ni mali ambayo filamu ya kwanza haiwezi kuwa nayo. Mwendelezo wa baadaye una faida hiyo moja ya hakika juu ya watangulizi wake, na wengi huitupa.

Kuna wanaosema pia kwamba hadithi inayorudi nyuma haiwezi kuwa mpya, kwa kuwa tunajua Kramer hatapona wala hatauawa Mexico. Ndiyo, tunajua. Kujua huko ndiko kunakoliumiza tumaini lake. Mtazamaji anayemwona akitabasamu na mtoto huku akijua kilichomo kichwani mwake yuko katika hali ambayo hadithi inayoficha mwisho wake haiwezi kumweka. Mfululizo wa Saw uliishi kwa kushtukiza dakika ya mwisho, kwa mlango unaofungwa ghafla na muziki wa Charlie Clouser ukipanda. Kuacha kutegemea mshtuko huo, angalau kwa nusu ya filamu, kulihitaji ujasiri.

Upinzani mzito zaidi unatoka upande wa wapenda damu wenyewe, na sitaki kuupita juu juu. Watasema: mbona Evil Dead Rise ya mwaka huo huo wa 2023 ilifanikiwa, na mwongozaji wake Lee Cronin alijisifu kwa kutumia lita 6,500 za damu bandia? Si ushahidi kwamba wingi bado unafanya kazi? Ni kweli, lita hizo zilimwagwa, na mwisho wa filamu lifti inafurika. Lakini tazama zilimwagwa wapi. Mfululizo uliozoea kibanda cha porini ulihamishiwa kwenye ghorofa la Los Angeles, kwa mama anayelea watoto watatu peke yake, na pepo anamwingia mama. Vitisho vyote vinapita kwenye mdomo ambao watoto wale wameuzoea kwa upendo na makaripio. Cronin angeweza kupunguza damu kwa nusu na filamu ingebaki imesimama. Angempunguza yule mama, zisingebaki hata hizo lita za kuzungumzia. Wingi wa damu ni haki ya aina hii ya sinema, sina ugomvi nao. Ninachokataa ni kuuita chanzo cha upya.

Na wapo wasiozijali filamu hizi kabisa, wanaoona kuzitafakari ni kupoteza wino. Kwao nitasema tu kwamba hadithi za kuchuna ngozi na kukata viungo zilikuwapo kabla ya kamera, na kwamba sinema inayoulizia uchungu wa mwili inagusa jambo ambalo kila mmoja wetu atalipitia. Swali la haki ni kama inaliuliza kwa uaminifu.

Kwa swali hilo, Saw X inaanza kuniletea shaka. Katika filamu ya kwanza Kramer alikuwa wa kutisha kwa sababu hukumu zake hazikulingana na makosa. Alimnasa mtu kwa kujaribu kujiua, mwingine kwa kupiga picha za watu kwa siri ili alipe kodi. Tulimwogopa kama tunavyomwogopa yeyote anayejipa mamlaka ya kuamua nani anastahili kupumua. Easton wa filamu ya sita alikuwa na hatia, lakini alibadilika mbele ya macho yetu, na kubadilika kwake kuliturudishia mzigo wa kujiuliza kama adhabu bado ni haki. Matapeli wa Mexico hawatupi mzigo huo. Wamewaibia watu wanaokufa. Cecilia hana hata chembe moja ya utu. Gabriela, mmoja wa matapeli hao, anapotoka hai kwenye mionzi na Kramer anaagiza apelekwe hospitali, ni Cecilia anayemvunja shingo. Kwa mpango huo mtazamaji amesafishwa mapema. Anaweza kufurahia kila mfupa unaokatwa bila dhamiri kumsumbua, na Kramer amepandishwa kutoka muuaji hadi mlipiza kisasi mwenye haki, karibu mzee wa familia. Mexico nayo imetumika kama mahali pa vumbi na udanganyifu, na wenyeji wengi wanaoonekana ni washiriki wa utapeli au mtoto wa kuokolewa; kwa filamu iliyopigwa nchini humo humo, hilo ni upungufu mkubwa. Upya wa Saw X ulipatikana kwa kumfanya mtu mmoja awe na mwili wa kuuhurumia, Kramer, na kuwanyima wengi wa wengine haki hiyo hiyo.

Nasema wengi kwa sababu ya Amanda. Shawnee Smith anamwigiza mwanafunzi wa Kramer, mwanamke aliyewahi kuwa mraibu wa dawa za kulevya na aliyeponyoka kwenye mtego wake mwenyewe. Anapomwona Gabriela, mraibu mwenzake, anajiona, na anamwombea. Ni dakika chache tu, na Kramer hababaiki, lakini hapo filamu inaikumbuka ile hofu ya mwanzo: kwamba hakimu huyu anakosea, na kwamba mtu aliye karibu naye kuliko wote analijua hilo. Watunzi waliliachia jambo hilo lipite ili wamfikie Cecilia.

Greutert ameacha pia alama nyingine, sijui kama kwa kukusudia. Mwishoni mwa Saw VI mvulana aliyefiwa na baba kwa sababu ya bima iliyofutwa anawekewa mkononi swichi ya kumuua au kumwacha Easton. Mama yake ameshindwa. Mvulana anaivuta upande wa kifo, wakati Easton ameshatoka kwenye majaribio yote akiwa mtu mwingine, na tindikali inamwingia mwilini. Katika Saw X yule mtoto wa baiskeli, Carlos, anafungwa pamoja na Kramer huku damu ikiwamwagikia usoni kwa zamu, na yeye anavuta swichi ili imwagikie yeye, mzee apate kupumua. Mwongozaji mmoja, watoto wawili, swichi mbili, miaka 14 katikati. Kwa moyo, tukio la pili linapendeza zaidi. Kwa ukweli, la kwanza linauma zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba mtego wa Kramer umezaa muuaji mwingine na haukufundisha kitu. La pili linamfanya Kramer apendwe na mtoto, na kumfanya mtazamaji ampende pia.

Mwaka 2025 kampuni ya Blumhouse ilinunua sehemu ya haki za Saw iliyokuwa mikononi mwa watayarishaji wake wa awali, na kwa kuwa kampuni ya James Wan ilikwisha kuungana nayo mwaka uliotangulia, mfululizo umerudi karibu na mmoja wa waliouanzisha. Filamu ya kumi na moja ikija na kundi jingine la wahalifu waovu kabisa, ili mzee aliyetuvutia awaadhibu tena, dawa iliyofanya kazi mwaka 2023 haitafanya kazi mara ya pili; huruma kwa Kramer tayari imetumika. Kilichobaki bila kuguswa ni kile kipindi kati ya Mexico na matukio ya Saw III. Amanda anayemwombea mraibu mwenzake apone ndiye Amanda tutakayemkuta katika filamu ya tatu akiunda mitego isiyo na njia ya kutokea, ambamo mhanga hufa hata akitii kila sharti. Filamu kadhaa zimemwonyesha kabla na baada ya mgeuko huo, na hakuna hata moja iliyothubutu kukaa naye siku ile alipoacha kuomba.